Mgonjwa Hakanyagi Chini

Haji Mutwalli alimkuta mdogo wake, Bayumi, amesimama katikati ya ngazi, ameng'ang'ania kishikio kwa mkono mmoja, jasho linamtiririka mpaka kwenye kola. Vidato viwili chini yake alisimama mkewe, Inshirah, saa mkononi, akimwambia, "Haya, Baba Sabrin, bado vitatu. Vitatu tu."

"Bado vitatu vya nini?" Haji akauliza kutoka mlangoni.

Alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kuita punda aliye ng'ambo ya mfereji. Milango miwili ya ghorofa ya kwanza ikafunguka papo hapo, maana katika jengo lile watu hawakuwa na redio bora kuliko ngazi. Nyuma ya Haji alikuwa mkewe Nafisa, kikapu kichwani: bata wawili waliopikwa kwa samli, mikate ya matabaka, na mtungi wa jibini kuukuu yenye chumvi ya kumtoa mtu machozi.

"Karibu, Haji," Bayumi akasema, akavuta pumzi. "Ni mazoezi."

"Mazoezi? Umeitwa tena jeshini?"

Mtu akacheka huko mlangoni. Bayumi naye akacheka, na hapo ndipo alipokosea. Mtu akikudhihaki mbele ya mkeo nawe ukacheka, umeshampa haki.

"Mwanamke anamswaga mume wake kwenye ngazi kama fahali wa kuvuta maji kisimani," Haji akawaambia majirani, kana kwamba ndio aliokuja kuwatembelea. "Na mimi kule kijijini naambiwa ndugu yangu yuko kitandani!"

Hakuwa amedanganywa kwa ubaya. Pale mjini Mahalla, kama kwingineko, mgonjwa hukutwa kitandani. Akikutwa amesimama, wanaompenda watamfukuza akalale, na wasiompenda watasema alikuwa anajifanya. Na akionekana anapata nafuu, kuna jicho la watu, na jicho hilo huangusha hata ukuta. Kwa hiyo kwa miezi mitatu, kila mgeni alipobisha hodi, Inshirah alimlaza mume wake haraka, akamfunika blanketi mpaka kidevuni, naye Bayumi akaitikia pole za watu kwa sauti ya chini. Wageni wakiondoka, alivaa viatu vyake akaendelea kutembea. Ulikuwa mchezo wao, na waliucheka sana. Ila habari zilizofika kijijini zilikuwa za mtu anayekata roho.

Moyo wa Bayumi ulikuwa umelegea tangu majira ya baridi. Ulipiga, lakini haukusukuma damu ya kutosha, maji yakawa yanamjaa miguuni na kifuani. Alipewa vidonge, akakatazwa chumvi, akaambiwa ajipime uzito kila asubuhi. Kisha, kwa mshangao wa wote, akaandikiwa mazoezi kama alivyoandikiwa dawa: mara mbili kwa wiki hospitalini, katika chumba chenye baiskeli tatu zisizokwenda popote, na siku nyingine nyumbani.

Inshirah mwenyewe alikuwa wa kwanza kupinga. "Binti yangu," alimwambia Riham, yule msichana mkali aliyesimamia mazoezi, "moyo mgonjwa unaukimbiza?"

"Simkimbizi mtu, mama. Atembee mpaka pumzi imzidi kidogo, lakini aweze kuongea na wewe. Akishindwa kuongea, akae. Moyo sitamrudishia mpya. Lakini miguu na misuli ikizoea kazi, moyo unapunguziwa mzigo. Akilala tu, kila kitu kinalala."

Siku ya kwanza Riham alimtembeza kwenye korido kwa dakika sita. Alifika mita mia mbili na kumi, akaanguka kwenye kiti cha mlinzi. Wiki ya tisa alifika mia tatu na arobaini, na mlinzi yule yule akampigia makofi. Wiki ya kumi alishuka peke yake mpaka kwenye tanuri la mkate, akarudi na mikate kumi chini ya kwapa. Inshirah alijifungia jikoni akalia kwa furaha.

*

Sebuleni, Haji hakugusa chai. Bayumi alikuwa ameibeba mwenyewe kwenye sinia, kwa mazoea tu, na Haji aliitazama ile sinia tangu inatoka jikoni mpaka inawekwa mezani.

"Kumbe na utumishi?"

"Kubeba kidogo nako ni sehemu ya tiba, shemeji," Inshirah akasema. "Daktari ameandika."

"Daktari amesoma. Mimi nimezika. Nani anamjua mgonjwa zaidi?"

"Haji, kabla ya hapo hakuweza hata kufunga kamba za viatu. Sasa hivi—"

"Sasa hivi nimemkuta anahema kama mbwa kwenye ngazi, na wewe umeshika saa!" Akamgeukia ndugu yake. "Baba alipougua, alikanyaga chini?"

"Hapana," Bayumi akajibu.

"Alibebwa na nani?"

"Na wewe."

"Miezi minne. Mgongoni. Chooni na kurudi."

"Na akafa," akasema Sabrin kutoka chumbani. Alikuwa na miaka kumi na minane na mtihani wa mwisho wa sekondari ulikuwa wiki mbili mbele, kwa hiyo hakuwa na subira na mtu.

"Alikufa kwa heshima, binti!" Haji akanguruma. "Watu walisema, huyu mzee amezaa."

Nafisa akaona afadhali aumwagie maji moto huo. Alikuwa mwanamke mpole, mnene, na kila alichofanya alikifanya kwa kupenda. "Mama Sabrin, mwenzangu, usitufikirie vibaya. Wewe unaamkia kiwandani kushona mashati ya watu, unarudi alasiri. Binti ana mtihani. Nani anamtazama huyu? Tupe sisi tumpumzishe kidogo. Nyumba yangu haishindwi na mtu mmoja."

"Hahitaji kupumzishwa. Anahitaji kutembea."

"Kutembea!" Haji akapiga goti lake. "Kama ana ndugu, atakuja na mimi kesho. Kama ndugu zake wamekufa, mniambie nikaondoke na bata wangu."

Wote wakamtazama Bayumi. Yeye aliitazama chai. Huyu kaka alitoka shule akiwa na miaka kumi na miwili, akashika jembe ili mdogo wake asome mpaka awe msimamizi wa mitambo katika kiwanda cha nguo. Hakuwahi kulisema jambo hilo, na ndiyo maana lilikuwa zito.

"Wiki moja tu," Bayumi akasema.

Jikoni, Inshirah alimkamata mkono. "Kwa nini hukumwambia?"

"Nimwambie nini? Mtu ametembea na bata wawili, nimwambie rudi?"

"Mimi nilimwambia."

"Wewe ni mke. Ukisema hapana, umekosa adabu, yanaisha. Mimi nikisema hapana, nimekosa ukoo." Kisha akatabasamu, kwa sababu alimwogopa mkewe vilevile. "Nitatembea huko huko, Mama Sabrin. Mashamba yote yale! Nitarudi nakushinda mbio."

Sabrin aliandika karatasi kwa herufi kubwa: apimwe uzito kila asubuhi, atembee mara mbili kwa siku, asile chumvi, asikose kidonge cha kutoa maji. Nafisa aliipokea karatasi kwa mikono miwili, akaibusu, akaiweka kifuani. Hakujua kusoma, na hakuna aliyefikiria kumuuliza.

*

Inshirah alipiga simu kila siku akitoka kazini.

"Anatembea?"

"Atembee kwenda wapi?" Haji akacheka. "Amekaa kama pasha, kila kitu analetewa. Leo wamekuja watu kumi na saba kumwona."

"Nipe niongee naye."

"Amelala."

Siku ya pili, amelala. Siku ya tatu alipewa simu, na Bayumi akasema kwa sauti nzuri kwamba anakula vizuri, anatunzwa vizuri, watoto wa kaka wanabusu mkono wake. "Na kutembea?" Bayumi akashusha sauti. "Wageni ni wengi, Mama Sabrin. Nikiinuka tu, watu watano wananirudisha. Jana nilifika mlangoni, wakamlaumu Nafisa mpaka akalia. Nitaona aibu mara ngapi?"

Wiki ikapita, akasema siku chache zaidi. Alipoulizwa uzito, akasema hakuna mizani isipokuwa ile ya mahindi.

"Panda hiyo hiyo!"

"Nipande mizani ya mahindi mbele ya watu?" Na kweli, kwa mtu aliyekuwa msimamizi wa mitambo, jambo hilo lilikuwa gumu kuliko ugonjwa.

Ijumaa ya pili Inshirah hakuuliza ruhusa, alikwenda.

*

Walikuwa wamemlaza kwenye kitanda cha shaba cha marehemu mama yao, kirefu mpaka hupandwa kwa kigoda. Kigoda kilikuwa kimeondolewa. Wanaume wanane walikaa ukutani kwa mstari, wakinywa chai, na katikati yao Bayumi ameegemezwa mito mitano, kanzu nyeupe, ndevu zimechongwa, uso umejaa.

"Mtazame!" Haji akasema kwa fahari, akamshika Inshirah bega kama mtu anayeonyesha mavuno. "Ulinipa mifupa. Mtazame sasa, mashallah. Tumempandisha kwenye mizani ya mahindi mlango umefungwa, ili asione haya. Kilo saba kwa siku kumi na moja!"

"Mashallah," wageni wakaitikia.

Inshirah alikwenda moja kwa moja kitandani, akafunua blanketi miguuni. Wageni wakainamisha macho, kwa kuwa mke anayefunua miguu ya mumewe mbele ya watu hana haya. Alibonyeza gumba lake kwenye muundi, akaliondoa. Shimo likabaki pale pale.

"Hii si nyama," akasema. "Haya ni maji."

"Astaghfirullah," mzee mmoja akanong'ona. "Hapendi hata mumewe anenepe."

"Baba Sabrin, unalala vipi?"

"Nimekaa," Bayumi akajibu polepole. Alivuta pumzi katikati ya maneno. "Nikilala... nakabwa."

"Kidonge cha kutoa maji unapewa?"

Bayumi akamtazama Nafisa, na Nafisa akajibu bila hofu yoyote, maana aliona ametenda jema. "Kile nilikisimamisha, mwenzangu. Kile kibaya. Akikimeza anataka kwenda chooni kila saa, mara sita, mara saba, na choo kiko uani. Mgonjwa gani huyo wa kuinuka mara saba? Nikasema, maskini, tumwondolee taabu. Tangu nimekisimamisha ametulia."

Inshirah alichukua simu yake. Alitoka uani, akampigia Riham. Ilikuwa Ijumaa, lakini msichana alipokea. Alisikiliza, akauliza kilo ngapi, akauliza tena kana kwamba hakusikia.

"Mama, mlete leo. Si kesho. Leo, na mpitishe mapokezi ya dharura. Umenielewa?"

Alirudi ndani akasema mbele ya wote, "Hospitali wanamtaka leo."

"Hospitali gani hiyo?" Haji akauliza. "Ile ya baiskeli?"

Chumba kizima kikacheka. Habari za zile baiskeli zilikuwa zimeshakuwa hadithi ya kijiji.

"Haji, nakushika miguu. Atakufa."

"Kufa na kupona ni kwa Mungu. Usimtabirie mume wako mauti mbele ya watu!" Kisha akashusha sauti, kwa sababu hakuwa mtu mbaya, na machozi yalikuwa karibu. "Mama Sabrin. Jumanne nachinja ng'ombe. Nimeita msomaji wa Qurani kutoka mji wa Tanta, nimealika watu mia, tumuombee dua. Baada ya dua nitamrudisha mwenyewe kwa gari. Nitawaambia nini watu? Kwamba mgonjwa ametoroshwa na mkewe?"

Inshirah aliinama kitandani. "Sema wewe. Neno moja tu, Bayumi." Hakuwa amemwita kwa jina lake mbele ya watu tangu waoane. "Sema unataka kwenda nyumbani."

Bayumi alimtazama kaka yake, akawatazama wale wanane, akamtazama mkewe. Alikuwa anajua. Mtu aliyehesabu hatua zake miezi mitatu hawezi kukosa kujua.

"Jumanne si mbali," akasema. "Amekwisha alika watu."

Gari lilikuwa la Haji. Wanaume wa kumbeba walikuwa wa Haji. Kitu pekee alichoweza Inshirah ni kumtilia mumewe kidonge mdomoni kwa mkono wake, na kumwapisha Nafisa kwa roho za watoto wake kwamba atampa kila siku. Nafisa akaapa. Kisha akamuuliza, kwa wasiwasi wa kweli, "Na chooni atabebwa na nani usiku wote huo?"

Alirudi Mahalla jua likizama, peke yake. Jumamosi alimwomba msimamizi wa kiwanda likizo ya siku tatu, akaambiwa shehena ya mashati inatoka Jumatatu, akitaka likizo achukue na ya maisha. Akasema atakwenda Jumatatu jioni, alale huko, liwalo na liwe. Jumatatu alfajiri simu ikalia.

*

Yule ng'ombe alichinjwa vilevile, na msomaji wa Tanta alisoma vilevile, ila katika hema la msiba. Watu waliokuja walikuwa wengi kuliko mia. Wanawake walijaa chumba cha Nafisa, kahawa chungu ikizunguka, na Inshirah amekaa chini kwenye mkeka, Sabrin ubavuni mwake. Binti alikuwa ameukosa mtihani wa kwanza asubuhi ile. Hakuna aliyelikumbuka hilo.

"Wamemtunza, jamani," mwanamke mmoja alisema. "Mwisho mwema."

"Siku kumi na tano hakukanyaga chini," mwingine akaitikia. "Mimi nilimwona kwa macho yangu. Chakula kwa kijiko mdomoni."

"Ndugu ni ndugu."

"Kule mjini, wanasema, mkewe alikuwa anampandisha ngazi." Hili lilisemwa kwa sauti ya chini, lakini si ya chini kiasi cha kutosikika.

Sabrin akataka kuinuka. Inshirah akamkamata paja, akambonyeza chini. Alikuwa na maneno mengi, lakini jumba lilikuwa la wenyewe, kaburi lilikuwa la wenyewe, na mjane mgeni akipaza sauti siku hiyo atakumbukwa kwa sauti hiyo maisha yake yote, yeye na binti yake.

Ndipo Haji Mutwalli akaingia. Wanawake wakampisha njia. Alikuwa amezeeka kwa siku mbili, kilemba kimelegea, macho mekundu. Alipiga magoti mbele ya mkeka, mzee mzima, akaushika mkono wa shemeji yake akaubusu.

"Mama Sabrin, nina neno limenikaa hapa." Alijigonga kifua. "Sikuweza kulisema kwenye simu. Nataka unisamehe mbele ya watu."

Inshirah akainua uso. Kwa mara ya kwanza tangu alfajiri ya jana alihisi kitu kama pumzi kikimwingia. Akafikiri: ameelewa. Amechelewa, lakini ameelewa.

"Jumapili alasiri nilikwenda shambani," Haji akasema. "Nafisa alikuwa anakanda unga. Tukamwacha Bayumi peke yake, sijui dakika ngapi. Niliporudi nikamkuta uani. Alikuwa amejishusha mwenyewe kutoka kile kitanda. Anatembea, Mama Sabrin! Miguu mitupu, ameshika ukuta, amefika mpaka kwenye zizi la ng'ombe. Nikamwuliza, unakwenda wapi? Akasema, 'Nyumbani. Niache nijizoeze kidogo, Haji, nikiweza kufika barabarani nitaweza kwenda nyumbani.' Nikambeba kama mtoto. Akanipiga ngumi kifuani, mkono hauna nguvu, mimi nikacheka nikidhani anatania. Nikamrudisha kitandani, nikamwekea mtu mlangoni. Usiku ule ule..." Akalia kwa kwikwi, mabega yanatikisika. "Zile hatua ndizo zilizomuua. Nilikuwa nimemlinda siku zote hizo asikanyage chini, na siku moja, siku moja tu, nikamwacha akatembea. Nisamehe. Nisamehe kwa zile hatua."

Wanawake wakaanza kulia naye. "Msamehe, Mama Sabrin," wakasema huku na huku. "Alimpenda. Msamehe mwenzio, dunia hii tunapita."

Inshirah alimtazama. Alijaribu kumchukia, akaona kwamba hata chuki haingemfikia pale alipokuwa. Alimwona mume wake pale uani, mkono ukutani, amefika zizini, anakuja kwake. Vidole vya Sabrin vilikuwa vimeubana mkono wake mpaka vimeacha alama.

"Zile hatua," akasema, na sauti yake ilitoka kavu, ya kusikika mpaka mlangoni, "zile hatua nimekusamehe, Haji."

"Mungu akulipe," Haji akasema. Akaubusu tena mkono wake, akajifuta machozi kwa pindo la kanzu, akatoka kwenda kuwapokea watu wa Tanta waliokuwa wanashuka kwenye gari.